Chai ya Rangi na Njugu: Utamu Huanzia kwenye Uteo

Leo tunataka kuongea juu ya chai. Pengine mtasema, "Kwani chai nayo ni ya kufundishwa?" Ngojeni kidogo, tutafika.

Huku kwetu Tulia, na sehemu nyingi za Kitui na Makueni, kazi ya mwethya bila chai haiendi. Watu wamechimba mitaro ya fanya juu tangu asubuhi, au wamebeba mawe ya kujengea bwawa la mchanga kule mtoni. Saa nne ikifika, lazima sufuria iwe motoni. Wakati wa mvua ng'ombe wana majani na maziwa yapo. Lakini ikifika Septemba ng'ombe wamekonda, na maziwa kidogo yanayopatikana ni ya mtoto na ya mgonjwa. Sisi wengine tunakunywa strungi, yaani chai ya rangi, na wengi wetu tunainywa kama dawa: tunakunja uso, tunaongeza sukari, tunameza.

Hakuna haja ya kuinywa hivyo. Chai ya rangi ikitengenezwa vizuri pamoja na njugu karanga zilizokaangwa, inakuwa chai tamu yenye harufu nzuri, na mtu hatasikitika kwamba maziwa hayapo. Tutaeleza namna ya kuitengeneza na namna ya kuionja. Lakini kuna jambo moja ambalo lazima tulisema kwanza, kwa sababu linahusu uhai wa watu. Ulimi unajua utamu, ila haujui sumu.

KWA NINI CHAI NA NJUGU ZINAPATANA

Majani ya chai hayalimwi kwetu. Yanatoka sehemu za baridi na mvua nyingi kama Kericho, Nandi, Murang'a, Meru na Kisii. Hapa Kenya mche wa chai ulipandwa mara ya kwanza Limuru mwaka 1903. Majani mabichi huchumwa, huachwa yanyauke, husagwa na mashine, huachwa hewani mpaka yageuke rangi, halafu hukaushwa kwa joto. Ndiyo hayo majani meusi tunayonunua dukani.

Ndani ya majani hayo mna kitu kinachoitwa tanini. Tanini ndiyo inayoleta ule ukakasi, mdomo ukawa kama umekula ndizi mbichi. Ukichemsha majani kwa muda mrefu, tanini inatoka nyingi zaidi. Sasa, tanini hupenda kushikana na protini. Ndiyo sababu chai ikitiwa maziwa inakuwa laini: protini ya maziwa imeishika tanini. Njugu nazo zina protini nyingi, karibu robo ya uzito wake, na karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Kwa hiyo njugu hufanya kazi inayofanana na ile ya maziwa. Zinapunguza ukakasi na kuipa chai uzito mdomoni.

Harufu nayo hutoka kwenye moto. Njugu mbichi hunukia kama maharagwe mabichi. Ni kule kukaangwa kunakoleta harufu tunayoijua sote, ile inayomfanya abiria afungue dirisha la matatu kununua njugu stendi.

Mambo haya si mageni. Watu wa pwani, Mombasa na Lamu, tangu zamani hunywa kahawa chungu pamoja na kashata za njugu: kinywaji kikali upande mmoja, njugu na sukari upande wa pili. Huko ng'ambo kuna makampuni yanayouza chai nyeusi iliyotiwa ladha ya lozi na njugu nyingine, kwa bei kubwa. Sisi hatuna haja ya kununua pakiti hizo. Njugu tunalima wenyewe, au tunanunua sokoni kwa kikombe.

KAZI YA KWANZA: UTEO KABLA YA SUFURIA

Wengi wetu tunakumbuka mwaka 2004. Mwaka huo, watu 317 waliugua ini na 125 kati yao walifariki. Wengi wao walikuwa wa Makueni na Kitui. Walikula mahindi yaliyoota kuvu yenye sumu inayoitwa aflatoksini. Hata kabla ya hapo, mwaka 1981, wakati Makueni ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Machakos, watu 12 walifariki Machakos kwa sumu hiyo hiyo.

Safari zile mbili ilikuwa mahindi. Lakini kuvu hiyo hupenda njugu pia, tena sana. Huingia njugu zikiwa bado shambani, hasa ukame ukizibana karibu na kukomaa, au mchwa wakitoboa maganda, au jembe likiyakata wakati wa kuvuna. Baadaye huzidi nyumbani zikihifadhiwa na unyevu.

Kuna mambo matatu ambayo kila mwanakikundi inafaa ayajue.

La kwanza: sumu yenyewe haina ladha wala harufu. Ni kweli njugu iliyooza huwa chungu, na uchungu huo ni onyo. Itemee mate mara moja, usukutue mdomo. Lakini njugu inaweza kuwa na sumu bila kuwa chungu. Sheria ya Kenya inakubali sehemu 10 tu za aflatoksini katika sehemu bilioni moja za njugu. Kitu kidogo namna hiyo, ulimi wa nani utakiona?

La pili: kukaanga na kuchemsha hakuimalizi sumu hii. Moto huua kuvu, lakini sumu ambayo kuvu imeshaiacha hupungua bila kuisha. Wale wanaosema, "Aa, moto utaua yote," wanajidanganya. Tena sukari na chai kali zinaweza kuficha uchungu ambao ungekuonya.

La tatu: kuchagua kwa mkono kunasaidia sana. Sumu nyingi hukaa ndani ya njugu chache zilizoharibika. Ukiziondoa hizo, umeondoa sehemu kubwa ya hatari.

Basi mwaga njugu kwenye uteo, mahali penye mwanga wa kutosha, na uziangalie moja moja. Ondoa zilizokunjamana, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu, zilizovunjika, na zenye ukungu wa kijani, wa manjano au mweusi. Hizo mbovu usizipe kuku wala ng'ombe. Kuku wanaweza kufa, na ng'ombe akila, sumu hupita ikaingia kwenye maziwa, na maziwa yale ni ya mtoto. Zifukie shimoni.

Kama njugu ni za shamba lako mwenyewe, kazi huanza mapema zaidi. Ving'oe zikikomaa, usizichelewesha ardhini. Zianike kwenye turubai au mkeka, si juu ya udongo mtupu. Zikiwa kavu, tikisa ganda karibu na sikio: utasikia njugu zikigonga ndani. Usizimwagie maji ili maganda yalainike na kumenyeka upesi, maana hapo unaialika kuvu. Weka kwenye magunia yanayopitisha hewa, juu ya mbao, mbali na ukuta. Na mvua za Machi zisikukute njugu zingali nje.

NAMNA YA KUITENGENEZA

Kwa watu wanne, tayarisha hivi:
- maji safi vikombe vinne na nusu
- njugu zilizochaguliwa, nusu kikombe
- majani chai, vijiko viwili vidogo
- sukari kwa kupenda kwako, au sukari guru kidogo

1. Kaanga njugu kwa moto mdogo, bila mafuta, ukigeuza kila wakati. Moto mkali huunguza nje na kuacha ndani mbichi. Zikianza kunukia, na ganda jembamba jekundu likitoka ukisugua, onja moja. Epua zikiwa bado na rangi ya kahawia hafifu, maana huendelea kuiva kwa joto lake zenyewe.

2. Zikipoa, zisugue na upepete maganda. Kisha ziponde kwenye kinu, chengachenga tu. Usizifanye unga.

3. Tia chenga kwenye maji na uchemshe polepole kwa dakika kumi hivi, mpaka maji yawe na weupe kidogo. Njugu huhitaji muda mrefu, majani huhitaji muda mfupi. Ukivitia pamoja tangu mwanzo, chai itakuwa kali kabla njugu hazijatoa ladha.

4. Epua, tia majani, funika, hesabu dakika nne. Halafu chuja. Chenga zilizobaki zina chakula, usizitupe. Tia kwenye uji au mboga siku hiyo hiyo.

Ukitaka chai nzito zaidi, saga njugu zilizokaangwa mpaka ziwe kama uji mzito, koroga kijiko kimoja katika maji moto kidogo, kisha mimina kwenye chai iliyochujwa huku ukikoroga. Mafuta kidogo yataelea juu. Hilo ni kawaida.

Inyweni siku hiyo hiyo. Chai yenye njugu haikai kama strungi tupu, huchacha, kwa hiyo usiilaze kwenye chupa ya chai mpaka kesho.

NAMNA YA KUIONJA

Mombasa kuna mnada mkubwa wa chai, na kuna watu ambao kazi yao ni kuonja. Kanuni ya kimataifa ya waonjaji ni gramu 2 za majani kwa mililita 100 za maji yanayochemka, kwa dakika 6. Mwonjaji huchota kwa kijiko, huivuta mdomoni kwa kelele, huizungusha ulimini, kisha huitema. Nyumbani mtoto akinywa chai kwa kelele anakemewa, kumbe wenzetu wanalipwa kwa hiyo! Ile kelele ina sababu: hewa inayoingia pamoja na chai huipeleka harufu mpaka puani, na ladha nyingi tunazosema ni za mdomo kwa kweli ni za pua. Ndiyo maana mtu mwenye mafua haoni utamu wa chakula.

Kikundi chenu kinaweza kujaribu siku ya mkutano. Tayarisheni sufuria tatu ndogo: ya kwanza strungi tupu, ya pili chai ya chenga za njugu, ya tatu chai ya njugu zilizosagwa. Zote bila sukari kwanza. Kila mmoja anuse, halafu avute kidogo, na asukutue kwa maji vuguvugu kabla ya kwenda kikombe kingine. Kisha mjiulize: ukakasi uko wapi zaidi? Kipi ni kizito mdomoni? Baada ya kumeza, kinachobaki kooni ni nini, njugu, majani, au moshi wa kuni? Mkisikia kuungua, moto ulikuwa mkali. Mkisikia harufu ya mafuta yaliyokaa, njugu ni za zamani. Mwisho tieni sukari kidogo kidogo. Pengine mtaona inatosha nusu ya ile mliyozoea, na hapo mfuko wa kikundi umepona.

TAHADHARI

- Chai ya rangi peke yake si chakula. Njugu huongeza kitu, lakini hazichukui nafasi ya mlo.
- Tanini huzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo kwenye maharagwe, kunde na mboga. Mama mjamzito na mtu mwenye upungufu wa damu wasinywe chai pamoja na chakula. Wangoje kama saa moja baada ya kula.
- Kuna watu ambao miili yao inazikataa njugu kabisa. Akivimba midomo, akiwashwa mwili au kubanwa pumzi, apelekwe hospitali mara moja. Kabla ya kugawa chai, mwambieni kila mgeni kwamba ina njugu.
- Mtoto mdogo asipewe njugu nzima. Zinaweza kumkaba.

Ndugu zetu, tulianza na chai tukapita makaburini, na hatukufanya hivyo kwa kuwatisha. Tunataka mfurahie kikombe hiki bila wasiwasi. Mama anayekaa na uteo nusu saa chini ya mti, akitupa njugu moja hapa na moja pale, mara nyingine huambiwa anachelewesha chai. Msimharakishe. Vuteni viti mkamsaidie.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Njugu tunazonunua sokoni, tunajua zilianikwa wapi na zilihifadhiwa vipi?
2. Nani katika kikundi ana turubai ambalo wote wanaweza kutumia wakati wa mavuno? Tukichanga, tunaweza kununua la kikundi?
3. Mahindi yetu ya mwaka huu, tumeyachagua kama tunavyochagua njugu?