Vitabu vya watoto wa theluji: tazama ni nani anayesimulia

Wanetu wanapenda vitabu vya picha vya nchi za theluji, nami sioni ubaya. Ila mzazi anayenunua afaa ajue jambo moja: anayesimulia ni nani? Leo nachukua mfano wa Wasami.

Wasami ni wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Norwe, Uswidi, Ufini na rasi ya Kola nchini Urusi. Katikati ya majira ya baridi, sehemu kubwa ya huko jua halichomozi kwa wiki kadhaa. Kiangazi nacho, halitui. Vitabu vingi huwaonyesha kwa sura moja tu, mtu aliyevaa nguo za rangi kali akichunga kulungu wa kufugwa. Sura hiyo si uwongo, lakini wafugaji ni wachache kati yao. Wako Wasami wa pwani ambao tangu mababu zao riziki yao ni bahari, na leo wako walimu na mawakili wanaoishi mijini.

Kwa muda mrefu hadithi zao ziliandikwa na wageni. Mwaka 1935, Ingri na Edgar Parin d'Aulaire, mume na mke waliokuwa wakiishi Marekani, walitoa Children of the Northlights baada ya kusafiri huko. Michoro yake inavutia hadi leo. Lakini ni kitabu cha zama ambazo wageni waliwaita "Lapp", jina ambalo Wasami wengi huliona tusi.

Wenyewe je, walikuwa wapi? Watoto wao walikuwa shuleni wakinyang'anywa lugha. Norwe ilianza kukibana Kisami madarasani katika karne ya 19, na wengi walilelewa shule za bweni, mbali na wazazi. Mpaka 1959 ndipo sheria iliporuhusu tena Kisami kufundishia. Mtoto aliyekatazwa lugha ya mamake ataiandikia vipi hadithi?

Ndiyo maana mwaka 1976 ni wa kukumbukwa. Marry Ailonieida Somby alichapisha Ámmul ja alit oarbmælli, miongoni mwa vitabu vya kwanza vya watoto vilivyoandikwa na Msami kwa Kisami.

Tofauti si ya jina la mwandishi tu. Kisami kina maneno mengi ya theluji, kwa sababu mfugaji lazima ajue kama juu pameganda ganda gumu linalomzuia mnyama kuchimba chakula chake. Mgeni ataandika "theluji" akamaliza. Sisi twaelewa: mtu wa bara huona maji yamejaa, mvuvi hujua kama ni bamvua au maji mafu. Neno likipotea, elimu yake hupotea nalo.

Basi ukishika kitabu cha namna hii, kifungue utazame. Watu wake wana majina na shughuli za leo, au ni mapambo ya theluji? Kuna neno lolote la lugha yao? Mwandishi ni wao, au aliwasikiliza?

Kisha maswali hayo hayo tuviulize vitabu vinavyomwonyesha mtoto wa Lamu au Vanga. Na pale ambapo kitabu hakipo, wenye kalamu tunao.