Kujifunza kuandika programu peke yako: namna ya kupata mtu wa kukuelekeza

Goma, Bukavu, Uvira, Butembo, Beni, Bunia: katika miji hiyo yote kuna vijana wanaojifunza kuandika programu za kompyuta bila kuingia darasani. Wengine walimaliza diplome d'État na wazazi hawakupata pesa za chuo kikuu. Wengine wako chuoni, lakini kompyuta ni chache na mazoezi ni kidogo. Wengine vita iliwahamisha, wakabaki na simu tu mkononi.

Masomo yenyewe si shida kubwa tena, kwa sababu mengi yako bure kwenye intaneti. Kinachokosekana ni mtu mwenye kujua, ambaye anaweza kuangalia kazi ya mwanafunzi na kumwambia: hapa umekosea, pale uko sawa, kesho fanya hivi. Makala hii inaeleza kwa nini mtu huyo ni wa lazima, wapi anaweza kupatikana, na namna ya kumwendea bila kumchosha.

Kwa nini mtu anakwama akiwa peke yake

Mwanafunzi wa kushona anakaa pembeni ya fundi. Mshono ukipinda, fundi anaona palepale na kumwambia afumue. Mwanafunzi wa programu anakaa peke yake usiku, saa ile umeme umerudi, na hakuna anayeona mkono wake.

Chukua mfano wa kijana anayetaka kumtengenezea mama yake, muuza unga sokoni, programu ndogo ya kugeuza dola kuwa franka. Anatumia Python, lugha iliyotoka mwaka 1991 na ambayo wanaoanza wengi wanaipenda. Anaandika kwamba programu iulize kiasi cha dola, kisha ikizidishe mara 2800, tuseme njo kiwango cha siku ile. Anajaribu na dola 5. Anangojea kuona 14000. Lakini kioo kinajaa tarakimu 5, moja nyuma ya nyingine, mara 2800. Na hakuna mesaji yoyote ya kuonyesha kosa.

Mtu mwenye uzoefu anatambua mara moja. Kila kitu ambacho mtumiaji anaandika, Python inakipokea kwanza kama maandishi, si kama namba. Na ukiiambia Python izidishe maandishi mara 2800, inayarudilia mara 2800. Inatosha kuweka jibu la mtumiaji ndani ya int(), ili ligeuke kuwa namba, kisha hesabu inatoka vizuri.

Kwa mwenye kujua, hiyo ni kazi ya dakika moja. Kwa aliye peke yake, inaweza kumaliza juma nzima na mega zote alizonunua. Kuna pia shida ya lugha: shuleni watu walisoma kwa Kifaransa, lakini mesaji za makosa mara mingi zinatoka kwa Kiingereza. Mwishoni kijana anasema kwamba akili yake haifai kwa kazi hii, anaacha. Kumbe hakukosa akili, alikosa mtu wa kumuuliza.

Mwelekezi ni nani, na si nani

Wengi wanamwita encadreur. Si mwalimu wa kuanza na mwanafunzi toka sifuri na kumfundisha kila siku. Watu wenye kazi hawana nafasi hiyo, na kuwaomba hivyo njo kunawafanya wakimbie.

Kazi yake inagawanyika mara tatu. Ya kwanza ni kujibu swali pale mwanafunzi amekwama. Ya pili ni kusoma kode ambayo tayari inatembea na kuonyesha namna ya kuiandika vizuri zaidi. Ya tatu ni kuonyesha njia: somo gani lifuate, na lipi liachwe kwanza. Hii ya tatu watu wanaidharau, lakini inaokoa miezi mingi. Mwanafunzi aliye peke yake anaanza Python, juma lifuatalo anasikia habari za JavaScript anarukia kule, kisha anahamia kwenye programu za simu. Baada ya mwaka ako na mianzo sita na hakuna hata mwisho mmoja.

Si lazima kazi hizo tatu zifanywe na mtu mmoja. Na si lazima awe bingwa. Mara mingi aliyetangulia kwa mwaka mmoja ao miwili anasaidia kuliko bingwa, kwa sababu bado anakumbuka pale alipojikwaa yeye mwenyewe.

Mbele ya kumtafuta mtu

Mwelekezi anaangalia kazi. Kama hakuna kazi, hana cha kuangalia. Kwa hiyo mwanafunzi anapaswa kwanza kuchagua lugha moja na kozi moja, na kuishikilia.

Kwa Kifaransa kuna OpenClassrooms. Ilianza mwaka 1999 kwa jina la Site du Zéro, na mwanzilishi wake, Mathieu Nebra wa Ufaransa, alikuwa mtoto wa miaka 13 ambaye aliona vitabu vya informatique haviwafikirii wanaoanza. Kozi zake nyingi zinasomwa bure. Kuna pia freeCodeCamp, iliyoanzishwa mwaka 2014, ambayo ni bure kabisa. Masomo yake mengi ni kwa Kiingereza, na sehemu fulani imetafsiriwa kwa Kiswahili.

Asiyekuwa na kompyuta anaweza kuanza na simu ya Android. Pydroid 3 inaendesha Python ndani ya simu, na Termux inafungua lugha mbalimbali. Zikishapakuliwa, mtu anaweza kuandika na kujaribu kode bila mega.

Kisha atengeneze kitu kidogo chenye faida kwa mtu fulani: hesabu ya madeni ya duka, orodha ya michango ya likelemba, kugeuza dola na franka. Kitu cha mistari 40 kinachotembea kinaongea kuliko cheti. Pembeni aweke daftari. Kila kosa aliandike: alitaka nini, kilitokea nini, alijaribu nini. Makosa mengine yanafunguka yenyewe wakati wa kuyaandika. Yanayobaki njo maswali ya kupeleka kwa mwelekezi.

Namna ya kuuliza

Mesaji ya kwanza inaamua mambo mengi. Wengi wanaandika hivi: «Jambo mukubwa, naomba unifundishe programmation.» Anayeipokea haoni mwanzo wala mwisho wa ombi hilo. Je, ni saa moja? Ni mwaka mzima? Anaweza kujibu «sawa, tutaona», na mambo yanaishia hapo.

Mesaji nyingine inaweza kuwa hivi: «Jambo yaya. Najifunza Python tangu miezi tatu. Nimetengeneza programu ya kugeuza dola kuwa franka. Nikiandika 5, badala ya 14000 inaniletea 5555 nyingi sana. Nilihakikisha kiwango, nikajaribu pia na dola 10, ni vilevile. Nafikiri shida iko kwenye mstari wa 3. Nakutumia mistari yote 6. Ukipata dakika kumi juma hii, nitashukuru.»

Hii ya pili inaonyesha kazi, inaonyesha kwamba mtu alijaribu mwenyewe, na inaomba dakika kumi tu. Hata mwenye kazi nyingi anaweza kuijibu akiwa ndani ya taksi. Kitu kimoja zaidi: kode itumwe kama maandishi, si picha iliyopigwa kwa simu nyingine, ili anayesaidia aweze kuikopia na kuijaribu.

Njia hiyo si mpya. Mwezi wa Agosti 1991, mwanafunzi wa miaka 21 huko Helsinki, Linus Torvalds, aliwaandikia watu asiowajua kwamba anatengeneza mfumo mdogo wa kuendesha kompyuta, kwamba vitu fulani tayari vinatembea, na kwamba angetaka kujua wao wanapenda kuona nini ndani yake. Watu walimjibu, kisha wakaanza kumsaidia. Mfumo huo njo Linux, ambao uko pia ndani ya kila simu ya Android.

Wapi pa kumtafuta

Aanze na walio karibu. Kwenye taasisi za informatique, kama ISIG huko Goma, kuna wanafunzi wa miaka ya mwisho na ma-assistants. Mashirika, hospitali kubwa, kampuni za simu na maduka ya kutengeneza kompyuta yako na watu wa informatique. Si wote wanaandika programu, lakini wengi wanamjua mwenye kuandika. Kuuliza «unamjua nani?» ni rahisi kuliko kuuliza «utanisaidia?», na mtu akitumwa na anayejulikana anapokelewa vizuri.

Pili, wenzake. Vijana watatu ao wanne wanaokutana siku moja kwa juma, kila mmoja akisoma kode ya mwenzake, wanapunguza nusu ya maswali. Vitabu na video wanapashana kwa flashi, na mega za mtu mmoja zinasaidia wote. Kikundi kama hicho kinamvuta pia mwelekezi, kwa sababu saa yake moja inafaidisha watu wanne.

Tatu, ndugu na marafiki walio nje: Kigali, Kampala, Nairobi, Ulaya ao Amerika. Familia nyingi zinawapigia simu kwa ajili ya pesa tu. Kumbe kama mmoja wao anafanya kazi ya kompyuta, nusu saa ya kusoma kode haimgharimu kitu.

Nne, kwenye intaneti kuna Exercism, iliyoanza mwaka 2013. Ni bure, ina mazoezi ya lugha nyingi, na watu wanaojitolea wanasoma jibu la mwanafunzi na kumwandikia maoni. Mwenye kompyuta anaweza kupakua zoezi, kulifanya nyumbani bila intaneti, kisha kulirudisha siku akipata mega. Mazungumzo ni kwa Kiingereza, lakini Kiingereza chepesi kinatosha.

Pesa na usalama

Kulipia mafunzo si kosa. Fundi mzuri anaweza kuomba malipo kwa muda wake. Lakini kuna dalili za kumfanya mtu ashituke: anayeahidi kazi ya Ulaya baada ya juma sita, anayetaka pesa zote mbele ya somo la kwanza, anayeuza cheti lakini hawezi kuonyesha hata programu moja aliyoitengeneza. Dawa ni kulipa kidogo kidogo, somo kwa somo, na kuongea kwanza na mtu aliyefundishwa naye.

Kwa wasichana kuna hatari nyingine. Mtu anaweza kujificha nyuma ya neno encadreur kwa sababu zake mwenyewe. Masomo ya usiku chumbani mwake, kukataza wengine wasijue, ao kudai «shukrani» isiyokuwa ya kazi: hayo si maelekezo. Ni vema wakutane mchana, mahali pa watu, wakiwa wawili ao zaidi, na mzazi ao dada mkubwa ajue jina la mwelekezi na saa ya kurudi. Mtu wa kweli hatakasirika juu ya masharti hayo.

Na akili mnemba?

Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, wengi wanasema mwelekezi hahitajiki tena. Ni kweli kwamba mashine hizo zinaeleza mesaji ya kosa kwa Kifaransa na hata kwa Kiswahili, na hazichoki kuulizwa. Kosa la int() zingelionyesha palepale. Lakini zinaweza pia kutoa jibu lisilo sahihi kwa sauti ya uhakika, na anayeanza hana namna ya kutofautisha. Tena zinampa mtu kode nzima ambayo hakuielewa, siku ya kazi anaulizwa mstari mmoja anashindwa kuueleza. Zitumike kwa kueleza, si kwa kuandika mahali pa mwanafunzi. Na hazimjui mtu. Haziwezi kusema mbele ya bosi: «huyu kijana namfahamu, anamaliza alichoanza». Mahali ambapo kazi nyingi zinapatikana kwa kujulikana, neno hilo ni mali.

Kumtunza aliyekubali

Mtu akikubali, wapange kitu kidogo na cha wazi: nusu saa kila juma mbili, kwa mfano, na mwanafunzi atume maswali siku moja mbele. Mtandao ukikatika ao hali ya mji ikiharibika, atoe habari siku anapoweza, asipotee kimya.

Jambo ambalo wengi wanasahau ni kurudisha jibu. Mwelekezi alisema «jaribu hivi». Je, ilitembea? Kumwambia «ilitembea, asante, sasa niko hapa» kunachukua dakika moja, na njo kunamfanya ajibu mara nyingine. Anayechukua jibu na kunyamaza hadi shida inayofuata, mlango wake unafungwa polepole.

Na mwanafunzi hapaswi kungoja awe bingwa ili naye asaidie. Aliyejua leo kwa nini 5 iligeuka kuwa 5555 anaweza kesho kumweleza mwingine wa mtaa wake aliyekwama palepale. Katika miji ambapo wenye kujua ni wachache, hivyo njo wanavyoongezeka.