Inbox ikionekana tupu, usifute kitu

Kazi yangu ni kutengeneza kompyuta hapa Doldol, kaskazini mwa Nanyuki, kaunti ya Laikipia. Huku, kama kwetu Pwani, ziko ofisi ndogo ambazo bado zinasoma barua pepe kwa programu ya kompyuta kama Thunderbird. Intaneti huja na kuondoka, na barua iliyokwisha kushuka husomeka hata mtandao ukiwa haupo. Tatizo huja stima inapokatika programu ikiwa katikati ya kuandika: ukiwasha tena, Inbox ni tupu, au unafungua barua moja ukaona maneno ya nyingine.

Hilo liliipata ofisi moja ya hapa. Katika Inbox yao mlikuwa na barua za miaka sita walizoandikiana na wakili kuhusu mipaka ya ardhi yao ya malisho. Jamii inayosajili ardhi yake chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 haiwezi kuchezea kumbukumbu kama hizo. Nilipofika, kijana wao alikuwa karibu kuifuta akaunti pamoja na data zake ili aanze upya. Nikamwambia, "Ngoja kwanza, ndugu yangu."

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Thunderbird ina vyote viwili. Faili iitwayo Inbox ndiyo bohari: barua zote zimo humo, moja baada ya nyingine. Faili ya Inbox.msf ni daftari la karani, linaloonyesha kila barua iko wapi. Mara nyingi kinachoharibika ni daftari tu, na daftari huandikwa upya.

Fuata mpango huu:

1. Tafuta bohari. Fungua menyu ya Help, kisha "Troubleshooting Information", ufungue folda ya "Profile". Halafu funga Thunderbird na unakili folda hiyo nzima kwenye flashi.

2. Tazama ukubwa wa faili ya Inbox. Ikiwa kubwa kama kawaida, barua huenda zimo. Ikiwa sifuri au ndogo mno, usitengeneze kitu: angalia programu ya kuzuia virusi. Barua moja yenye virusi inaweza kuifanya iifungie faili nzima, na mara nyingi unaweza kuirudisha kutoka kule ilikofungiwa.

3. Fungua Thunderbird, bonyeza Inbox kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Properties", kisha "Repair Folder". Subiri mpaka imalize.

4. Ikikataa, funga programu, ubadilishe jina la Inbox.msf, kisha ufungue tena. Daftari jipya litaandikwa. Faili ya Inbox yenyewe usiiguse.

Kwa ofisi ile, hatua ya tatu ilitosha. Wanaotumia Outlook wana chombo chao, scanpst.exe, kinachotengeneza faili ya .pst. Nao pia wanakili kwanza.

Jua pia akaunti yako ni ya aina gani. Ikiwa IMAP, barua kwa kawaida ziko kwenye seva, na kutengeneza kutazishusha upya, basi uwe na bando. Ikiwa POP, huenda kompyuta yako ndiyo mahali pekee zilipo. Weka alama kwenye "Leave messages on server".

Mwisho, usiifanye Inbox kuwa ghala la kila kitu. Hamishia barua kwenye folda za kila mwaka, kisha tumia "Compact" mara kwa mara, wakati stima ni ya uhakika, kwa kuwa barua uliyofuta hubaki ndani ya faili mpaka ufanye hivyo. Na barua za ardhi, za mirathi au za kesi, iwe Doldol, Lamu au Kwale, zichapishe kwenye karatasi na uweke nakala nyingine nje ya ofisi.