Baraka: Sindano haionekani tena, je, leza ndiyo dawa?

Mjini Baraka, mikono ndiyo inatangulia kusema kabla ya macho. Mtu aliyepita miaka 40 anasogeza simu mbali ili asome ujumbe. Fundi wa nguo anamwita mtoto amtilie uzi kwenye sindano. Mvuvi anayeshona nyavu anangoja jua liwe kali. Huyo huyo anatambua mtumbwi ulio mbali kwenye ziwa Tanganyika bila shida. Cha karibu ndicho kinamkatalia.

Huo si uchawi, wala si alama ya kwamba mtu amesoma sana. Ndani ya jicho kuna lenzi inayobadilisha umbo kila tunapotazama kitu cha karibu. Miaka inavyoenda lenzi hiyo inakuwa ngumu, hadi haiwezi tena kujikunja vya kutosha. Madaktari wanaiita hali hiyo presbiopia, na hakuna anayeikwepa akiishi miaka mingi. Shirika la Afya Duniani, OMS, liliandika mwaka 2019 kwamba watu milioni 826 walikuwa nayo bila kupata msaada wowote.

Kwa wenye feza, habari za upasuaji wa leza zinavutia: dakika chache, na miwani inatupwa. Ukweli una masharti. Leza haigusi lenzi iliyokuwa ngumu. Inachonga konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho. Mara nyingi jicho moja linaachwa kwa kuona mbali na lingine linatengenezwa kwa kuona karibu, kisha ubongo unajifunza kuchanganya picha mbili. Kuna watu ambao ubongo wao unakataa. Na kwa kuwa lenzi inaendelea kuzeeka, baada ya miaka kadhaa mtu anaweza kurudia miwani aliyoilipia dola nyingi kuikimbia.

Kuna jambo lingine linalogusa Baraka moja kwa moja. Leza inaweza kuacha macho makavu, na usiku kuleta mng'ao au duara za mwanga kuzunguka taa. Anayefanya kazi ofisini mchana atavumilia. Anayevua ndagala usiku, katikati ya taa za mitumbwi, afikiri mara mbili.

Miwani ya kusomea, ile wengi wanaita luneti, haina sifa kubwa, lakini kazi yake imepimwa. Nchini Bangladesh watafiti waliwapa bure watu wenye kazi za mikono, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2024 yalionyesha kwamba baada ya miezi 8 mapato yao yalipanda kwa karibu theluthi moja: kutoka dola 35 hivi kwa mwezi hadi 47. Ng'ambo ya ziwa, huko Kongwa nchini Tanzania, utafiti wa mwaka 2006 ulikuta zaidi ya nusu ya watu wenye miaka 40 na zaidi wana tatizo hili, na wachache sana kati yao walikuwa na miwani. Kwa fundi wa nguo, hapo ndipo feza inapotea: si kwa kukosa leza.

Hata hivyo miwani ya sokoni haipimi ugonjwa. Glakoma, yaani presha ya jicho, inaweza kula macho polepole bila maumivu, na kilichopotea hakirudi. Mwenye jicho jekundu linalouma, anayeona ukungu, au ambaye jicho moja limefifia ghafla, aende hospitali kabla ya kununua chochote. Dawa za majani zisitiwe machoni.

Anayekwenda kuchagua miwani abebe sindano na uzi, au wavu wake, ajaribu pale pale kwa umbali anaofanyia kazi. Kama namba mbili zinamfaa, achukue ile ndogo. Baada ya miaka michache atahitaji kuiongeza.