Darasa la Pwani na Joto la Kaskazi

Nyumba ya makuti ilikuwa na adabu moja: haikumwacha mwenyewe asahau. Kila baada ya miaka michache makuti yalichoka, mvua ikapenya, na familia ikalazimika kuezeka upya. Bati lilipoingia lilituondolea kazi hiyo, na leo shule nyingi za Pwani, kuanzia Tanga hadi Mtwara, zimeezekwa kwa bati. Ni paa zuri, haliogopi cheche na huzuia mvua kwa miaka mingi. Lakini lilikuja na mazoea mabaya, ya kudhani kwamba jengo likishakabidhiwa kazi imekwisha. Kwa upande wa mvua, dhana hiyo huenda ikavumilika kwa muda. Kwa upande wa joto haivumiliki hata mwaka mmoja. Darasa la Pwani ni mtambo wa kupoza, ingawa halina injini. Paa, dari, matundu ya hewa, madirisha, baraza, feni na mti ulio nje ni sehemu zake, na kila sehemu huchakaa. Likiharibika halipigi kelele wala halitoi moshi. Watoto husinzia tu, na mwalimu akadhani ni uvivu.

Tuanze na paa, maana ndiko joto linakoingilia. Jua la adhuhuri kwenye anga safi hushusha kiasi cha wati 1,000 katika kila mita ya mraba. Darasa la upana wa mita 7 na urefu wa mita 9 lina mita za mraba 63, kwa hiyo juu yake hushuka nguvu inayokaribia ile ya pasi 60 za umeme zilizowashwa kwa pamoja. Bati jipya linalong'aa hurudisha sehemu kubwa ya mionzi hiyo angani. Lililoshika kutu huifyonza zaidi, na huweza kufika nyuzi 60 za Selsiasi. Pasipo dari, bati hilo humwaga joto moja kwa moja vichwani, jinsi jiko la mkaa linavyomchoma aliyeketi karibu hata kama upepo unaopita ni wa baridi. Ndiyo maana kipimajoto cha ukutani kinaweza kuonyesha nyuzi 32 na mtoto akahisi zaidi ya hapo. Watoto nao ni chanzo cha joto. Kila mwili ulioketi hutoa kama wati 70, hivyo wanafunzi 50 wanaongeza pasi nyingine tatu na nusu, hizo zikiwa ndani kabisa ya chumba.

Joto lote hilo likishaingia, njia yake kuu ya kutoka ni hewa. Hewa ya moto hupanda, ikakuta matundu chini ya paa, ikatoka. Madirisha ya pande mbili nayo hupitisha upepo katikati ya madawati. Sasa tazama darasa lililotumika miaka kumi. Luva iliyovunjika imezibwa kwa kipande cha plaiwudi. Matundu ya juu yamezibwa kwa maboksi ili popo wasiingie. Dirisha la upande wa pili limekingwa na kabati la vitabu. Kila moja la mambo hayo lilifanywa kwa sababu ya haki, na yote kwa pamoja yameuzima mtambo. Popo huzuiwa kwa wavu wa chuma wenye matundu madogo, unaopitisha hewa na kumwacha mnyama nje. Kwa Pwani jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu majira ya kaskazi, Desemba hadi Machi, ndiyo yenye joto kali, na upepo wake kwa kawaida ni mwepesi kuliko wa majira ya kusi. Wakati tunaouhitaji upepo zaidi ndio wakati unaokuja kidogo, na kidogo hicho hukuta plaiwudi.

Wapo wanaosema watoto wa Pwani wamezoea. Ni kweli kwamba mwili hujifunza: katika wiki moja au mbili za joto huanza kutoa jasho mapema na kwa wingi zaidi. Lakini jasho hupoza linapokauka, na katika hewa nzito ya bahari halikauki upesi. Linatiririka na kulowesha daftari. Mazoea hayawezi kuibadilisha hewa. Mwaka 2020 wachumi wa Marekani walichapisha utafiti uliofuatilia matokeo ya mitihani ya wanafunzi milioni 10 waliofanya mtihani uleule zaidi ya mara moja. Kwa shule zisizo na viyoyozi, mwaka wa masomo ulipozidi joto kwa nyuzi moja ya Farenhaiti, yaani zaidi kidogo ya nusu nyuzi ya Selsiasi, wanafunzi walipoteza takriban asilimia 1 ya kile wanachojifunza kwa mwaka. Siwezi kuichukua asilimia hiyo nikaibandika Bagamoyo. Majengo, mitihani na maisha ni tofauti. Kinachonigusa zaidi ni nusu ya pili ya matokeo hayo: penye viyoyozi, hasara hiyo karibu yote ilitoweka. Maana yake ni kwamba mkosaji alikuwa chumba, na chumba kinarekebishika.

Basi tufunge AC, atasema mwingine. Kiyoyozi cha ukutani cha BTU 12,000 hula kiasi cha wati 1,000, na darasa la watoto 50 chini ya bati la kutu litahitaji zaidi ya kimoja. Feni ya dari hula wati 60 hadi 75, na upepo wake humfanya mtu ahisi amepunguziwa kama nyuzi 2 au 3. Tena kiyoyozi cha aina hiyo hakileti hewa mpya. Huizungusha ileile ya ndani. Funga madirisha kwa watoto 50, na wote wataanza kuvuta pumzi za wenzao, pamoja na vijidudu vya kifua kikuu iwapo mmoja anavyo. Sikipingi kiyoyozi kwenye chumba cha kompyuta. Ila hapo nako uzembe wa matunzo hujitokeza haraka. Ukifungua kifuniko cha mbele utakuta chujio, wavu mwembamba unaochomoka kwa mkono. Huoshwa kwa maji ya bomba, hukaushwa kivulini na kurudishwa, kazi ya dakika chache inayopaswa kurudiwa kila mwezi. Chujio likiziba kwa vumbi, hewa haipiti, mabomba ya ndani yanaganda barafu, barafu ikiyeyuka maji yanachuruzika ukutani, na fundi anaitwa aongeze gesi. Gesi ya kiyoyozi haiishi kama ya kupikia. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua ujue pana tundu. Kuongeza bila kuziba tundu ni kuimwaga hewani, na kilo moja ya gesi aina ya R-410A hulipasha joto anga kama kilo 2,000 za kaboni dayoksaidi. Ni kwa ajili ya gesi za namna hii mataifa yalikutana Kigali Oktoba 2016 na kukubaliana kuzipunguza. Kwa sehemu ya nje adui ni chumvi ya bahari, inayotafuna mapezi ya aluminiamu. Huoshwa kwa maji baridi, umeme ukiwa umezimwa.

Pingamizi zito kuliko yote ni la fedha. Tangu elimu bila ada ilipoanza Tanzania Januari 2016, shule ya msingi ya umma huendeshwa kwa ruzuku ya serikali, na mwalimu mkuu anayehesabu chaki hawezi kulaumiwa kwa kutofikiria matundu ya hewa. Lakini fuata safari ya msumari mmoja wa bati. Mpira ulio chini ya kichwa chake hukakamaa kwa jua na kupasuka. Tone la masika hupita hapo na kutua kwenye dari. Dari ya jipsamu hulowa, hutuna, hupinda, na siku moja kipande chake huanguka. Kuanzia siku hiyo darasa halijapoteza dari tu. Limepoteza kivuli kilichokuwa kati ya bati la nyuzi 60 na vichwa vya watoto. Msumari na mpira wake ni bei ndogo. Dari ni bei kubwa, na ndiyo tutakayolipa, au tusiilipe kabisa tukawaachia watoto deni. Feni nayo ni hivyohivyo. Inayozunguka kivivu hata kwenye namba 5 mara nyingi haijafa. Kapasita yake ndiyo imechoka, kikopo kidogo ambacho fundi umeme hukibadilisha kabla kengele ya mapumziko haijagonga.

Ratiba ya shule yenyewe inatusaidia. Likizo ya Juni inakuja masika yakiwa yamekwisha, wakati madoa kwenye dari bado yanaonyesha kila msumari unaovuja. Huo ni wakati wa kupanda juu, kukaza, kukwangua kutu na kupaka rangi nyeupe ya mabati. Likizo ya Desemba ni ya feni, luva na matundu, kabla ya Januari kurudisha watoto katikati ya kaskazi. Ramani hizihizi za madarasa zinakojengewa Makete, kwenye nyanda za juu kusini, ambako Juni na Julai watoto hutetemeka, matunzo yanageuka: huko fundi huziba nyufa za milango na kurudisha vioo ili joto la miili libaki ndani, huku akiacha matundu ya juu yapumue.

Mkandarasi anapokabidhi jengo hukabidhi funguo. Kamati ya shule imdai pia ukurasa mmoja unaotaja kila tundu la hewa, kazi yake, na mwezi wa kulikagua. Kisha kwenye daftari la mahudhurio, ambalo kila darasa linalo, iongezwe safu moja: nyuzi za saa nane mchana. Darasa la Nne B likionyesha nyuzi 3 zaidi ya jirani yake mwenye paa la umri uleule, fundi atajua aanze kuegemeza ngazi wapi.