Mlio wa Tik-tik Kwenye Porsche

Porsche 911 ikiwashwa asubuhi ingali baridi, ikatoa tik-tik inayofuata mwendo wa injini kisha ikafifia ikipata moto, fundi makini huangalia kwanza manifoldi ya ekzosi. Chuma baridi hunywea na kuacha upenyo unaovujisha moshi. Kikipata joto hutanuka na kuuziba. Masizi meusi kando ya gasketi ni ushahidi mzuri.

Asipuuze: moshi huo una kaboni monoksaidi.

Kazi yenyewe ya kurekebisha ni kufungua bolti za manifoldi. Ni za chuma, zimeingia kwenye silinda hedi ya alumini, na kutu huzing'ang'aniza, zikilazimishwa hukatika. Hulainishwa kwa dawa ya kutu na joto, bila haraka. Kisha uso wa silinda hedi husafishwa, gasketi mpya huwekwa, na bolti mpya hukazwa kwa spana ya kipimo.