Mlio wa mwangaza unafungua mlango wa seli

Wanafunzi wa biokemia waliuliza: ikiwa ADN ndiyo inaongoza seli, kwa nini waganga hawaingizi tu ADN nzuri pale ile mbaya iko? Swali nzuri. Shida iko kwenye mlango. Seli inafungwa na utando wa mafuta, na ADN ni uzi mrefu wenye umeme hasi, utando hauupitishi.

Virusi vinajua kuingia. Kwa hiyo wataalamu wengi wanaviondolea ubaya na kuvibebesha jeni. Njia hii imesaidia watu, lakini iko na hatari. Mwezi wa 9 mwaka 1999, huko Philadelphia, Marekani, kijana Jesse Gelsinger alikufa siku 4 baada ya kupewa virusi vya namna hii. Mwili wake ulivipigania kupita kiasi. Alikuwa na miaka 18, umri wa wengi katika darasa la sita.

Huko Japani wachunguzi wakajaribu njia ingine: mlio. Radi inalia namna gani? Umeme unapasha hewa moto ghafula, hewa inapanuka kwa nguvu, ndiyo ngurumo. Sasa angalieni. Wanapiga panya shindano la ADN kwenye ngozi. Juu ya ngozi wanaweka kipande cha mpira mweusi (mweusi, juu rangi hiyo inakunywa mwangaza), na juu ya mpira, plastiki yenye kupitisha mwangaza. Leza inapiga nanosekunde chache tu. Katika nanosekunde 1 mwangaza unatembea sentimeta 30, urefu wa lati yenu! Uso wa mpira unageuka gazi ya moto sana. Plastiki inaizuia isitoroke juu, basi inasukuma chini, wimbi la mgandamizo linazaliwa. Mwangaza wenyewe unabaki kwenye mpira. Kinachopita ngozini ni mlio. Utando wa seli unalegea kidogo, ADN inaingia, utando unajifunga tena.

Walijuaje kama imeingia? Walitumia, kati ya zingine, jeni ya kimulimuli, ile ya taa yake. Katika kazi ya mwaka 2004 alama ilionekana katika ngozi ya panya. Mwaka 2011 walifika mpaka uti wa mgongo wake.

Kwa watu bado. Virusi vinaingiza jeni vizuri zaidi, na jeni iliyoingia kwa mlio mara nyingi haikai siku nyingi. Lakini hapa mganga anachagua mahali: pale mpira unalala, ndipo mlango unafunguka.